Pikapu Yako Inakunywa Kiasi Gani Kweli? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Brosha inasema kilomita 13 kwa lita, wewe unapata 9, na fundi ameshakwambia nozeli zimekufa. Kabla hujatoa hela, soma hapa kwanza. Mimi naendesha Hilux ya kabini mbili, dizeli ya 2.4, gia za mkono, mara nyingi kati ya Dar es Salaam na Iringa: safari nyingine tupu, nyingine imebeba vifaa vya ujenzi hadi springi zinalalamika. Hesabu nyingi za humu nimezipiga kwa kikokotoo cha simu, na unaweza kuzirudia mwenyewe.

Kwa hiyo brosha inadanganya?

Haidanganyi, ila inajibu swali ambalo wewe hukuuliza. Namba rasmi hupatikana maabara. Gari hupandishwa juu ya roli zinazozunguka, na dereva hufuata mchoro wa mwendo kwenye skrini: hapa ongeza, hapa punguza, hapa simama. Hakuna upepo wa mbele, hakuna tope, hakuna bodaboda anayekukatiza ghafla, na kwenye vipimo vingi AC imezimwa. Kila gari hufanya mtihani uleule, ndiyo maana namba hizo zinafaa kulinganisha gari na gari. Ukizichukua kama ahadi ya safari yako ya Morogoro, utajisumbua bure.

NEDC, WLTP, JC08, EPA: ni vitu gani hivi, na niamini kipi?

Ni majina ya mitihani, na inatofautiana sana kwa ugumu.

NEDC ni wa Ulaya, wa zamani. Ulikuwa wa kilomita 11 hivi kwa dakika 20, wastani wa kilomita 34 kwa saa. Sehemu moja ilimtaka dereva atoke 0 hadi 50 kwa sekunde 26. Jaribu hilo kwenye taa za Ubungo uone utakavyopigiwa honi. Ulianza kuondolewa Septemba 2017, na pikapu zilipewa mwaka mmoja zaidi kuliko magari madogo. Kwa hiyo pikapu nyingi za Ulaya za kabla ya 2019 zina namba za NEDC, nazo zinavutia kuliko ukweli.

WLTP ndio ulioshika nafasi yake: kilomita 23.25, dakika 30, wastani wa 46.5 kwa saa, kasi ya juu 131. Una nafuu moja kubwa kwa wenye pikapu. Gari la mizigo hupimwa likiwa limeongezewa asilimia 28 ya uzito linaoruhusiwa kubeba, wakati gari la abiria huongezewa 15. Kwa pikapu ya tani moja, hiyo ni kama mifuko mitano na nusu ya saruji.

JC08 ni wa Japani: kilomita 8.17 tu, wastani wa 24.4, kasi ya juu haifiki hata 82. Ukisoma wastani huo utadhani ni foleni ya Barabara ya Mandela, Dar. Lakini foleni ya Mandela ina joto, AC, na magari yanayosogea hatua mbili na kusimama dakika tatu. Kuanzia 2018 Japani nayo ilianza kuhamia toleo lake la WLTP, bila ile sehemu ya mwendo mkali kabisa.

EPA ni wa Marekani, na kwa maoni yangu ndio ulio karibu zaidi na ukweli wa barabarani. Tangu magari ya mwaka 2008, namba yao hutokana na mitihani mitano, ukiwemo wa AC kwenye joto la nyuzi 35, wa baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, na wa mwendo unaokaribia 130. Bahati mbaya Hilux haiuzwi Marekani, kwa hiyo haina namba ya EPA. Binamu yake, Tacoma ya petroli ya V6 ya 4x4 yenye gia za automatiki, ilipewa maili 20 kwa galoni, yaani kilomita 8.5 kwa lita. Hilux ya dizeli ya 2.4 ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 2017 iliwekewa 11.8 kwa JC08. Usiziweke namba hizo mbili kwenye mizani moja: injini ni tofauti, mafuta ni tofauti, na mtihani ni tofauti.

Tofauti ya kawaida kati ya brosha na barabara ni kiasi gani?

Magari mapya ya Ulaya tangu 2021 yana kipimo cha ndani kinachorekodi mafuta yaliyochomwa kweli. Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa matokeo ya kwanza: magari ya petroli na dizeli yalikula karibu asilimia 20 zaidi ya namba zao za WLTP. Kwa NEDC mambo yalikuwa mabaya zaidi. Watafiti wa ICCT, shirika la kimataifa la utafiti wa usafiri safi, waliofuatilia jambo hili kwa miaka mingi waliona pengo likikua kutoka asilimia 9 hivi mwaka 2001 hadi karibu 40 kufikia katikati ya miaka ya 2010. Australia, nchi ya pikapu kama sisi, chama cha wenye magari AAA kilipima magari 30 barabarani na mwaka 2017 kikatangaza wastani wa asilimia 23 juu ya maabara.

Kwa hiyo mimi hufanya hivi: namba ya WLTP naizidisha kwa 1.2, ya NEDC kwa 1.4, zote zikiwa kwa lita kwa kilomita 100. Brosha ya WLTP ikisema lita 9, tarajia 10.8, ambayo ni kilomita 9.3 kwa lita. Ukiwa ndani ya hapo, pikapu yako ni nzima. Mwambie fundi aache nozeli zako.

Nabadilishaje maili kwa galoni?

Uliza kwanza: galoni ya nani? Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546. Gawanya 235 kwa maili za Kimarekani, au 282 kwa za Kiingereza, unapata lita kwa kilomita 100. Gawanya 100 kwa jibu hilo, unapata kilomita kwa lita. Wanaonunua pikapu kutoka Uingereza hukosea hapa kila siku: maili 30 za Kiingereza ni kama 25 tu za Kimarekani.

Mafuta yangu yanaishia wapi hasa?

La kwanza ni mwendo. Pikapu ni kabati linalosukumwa kwenye upepo: pua ndefu, kioo kilichosimama, halafu bodi wazi nyuma. Msukumo wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Kutoka 80 kwenda 110, chukua 110 ugawe kwa 80, jibu ulizidishe kwa lenyewe: 1.89. Yaani upepo unaokuzuia unakaribia kuwa mara mbili, na wewe umewahi kufika kwa dakika chache tu. Kwenye daftari langu, vipande vizuri kuliko vyote ni vya ndani ya hifadhi ya Mikumi, pale unapolazimika kwenda taratibu kwa ajili ya wanyama. Twiga wameniokolea mafuta mengi kuliko fundi yeyote.

La pili ni matuta, rasta na vibao vya 50. Kulitoa gari la kilo 2,300 kwenye kusimama hadi 80 hutumia karibu mililita 50 za dizeli, na breki moja huzigeuza zote kuwa joto. Kutoka 50 hadi 80 ni kama mililita 30. Utasema ni kidogo, lakini hesabu vijiji kuanzia Chalinze. Matuta 40 ya kusimama kabisa ni lita 2. Vibao vya 50 thelathini ni karibu lita nyingine. Dereva anayeona kituta mbali na kuachia mguu mapema anachoma kidogo kuliko anayekimbilia breki, na trafiki mwenye tochi naye anamkosa.

Tatu, mzigo. Tani moja, yaani mifuko 20 ya saruji, kwenye lami tambarare huongeza takriban lita moja kwa kila kilomita 100. Watu hushangaa kuwa ni kidogo hivyo. Subiri uingie barabara ya vumbi: mchanga na makorongo hufanya matairi yazuiwe mara mbili hadi tatu ya lami, na hapo tani ileile inakula lita mbili au zaidi.

Mlima watu huuogopa kupita kiasi. Iringa iko mita 1,550 hivi juu ya bahari. Kupandisha pikapu ya kilo 2,500 kwa mita 1,500 kunahitaji megajuli kama 37, nishati inayotosha ndani ya lita moja ya dizeli. Injini hugeuza kama theluthi tu kuwa kazi, kwa hiyo Kitonga na wenzake wote wanakugharimu lita 3 hivi kwa safari nzima ya kilomita 500. Ukirudi Dar, sehemu ya deni hilo unalipwa ukishuka na gia bila kugusa mafuta. Ndiyo maana kupima upande mmoja ni kujidanganya. Mtu wa Nairobi anayejisifia ulaji wake baada ya kuteremka Mombasa angojee apande.

Foleni na AC nazo zina lao. Injini ya dizeli ya 2.4 ikinguruma imesimama na AC imewaka hula karibu lita moja kwa saa, bila kusogea hata mita. Foleni ya muda wa saa mbili asubuhi na nyingine kama hiyo jioni: hapo una lita 4 ambazo hazijakupeleka popote.

Matairi makubwa, keria, bampa la chuma: vinaongeza kiasi gani?

Keria na bampa la chuma ni uzito na upepo, na havikuwepo siku ya mtihani. Keria tupu iliyofungwa mwaka mzima kwa sababu ya safari moja ya Desemba ni upuuzi, ifungue.

Matairi yana hila yake. Tairi ya kiwandani ya Hilux nyingi ni 265/65R17, kipenyo chake milimita 776. Ukifunga 285/70R17 kipenyo kinafika 831, asilimia 7 zaidi. Mita ya kilomita haijui kuwa umebadilisha. Ikikuambia umekwenda kilomita 500, kwa kweli ni 535. Kwa hiyo sehemu ya ulaji mbaya unaouona ni makosa ya mita. Sehemu nyingine ni ya kweli kabisa, maana tairi hizo ni nzito na meno yake yanang'ang'ania lami. Rekebisha mita kwanza, ndipo ulaumu tairi.

Upepo wa matairi pia: angalia kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, kina namba ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Kijana wa kujaza upepo atakuuliza "thelathini bosi?" kwa kila gari. Mpe namba yako.

Napimaje bila kujidanganya?

Njia ni ya zamani na haijapata mpinzani. Jaza tenki hadi pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone. Sogeza kihesabio cha safari kwenye sifuri. Endesha maisha yako ya kawaida. Rudi kituo kilekile, ikiwezekana pampu ileile, gari likiwa limekaa vilevile sawa na si kwenye mteremko, ujaze tena hadi ikate mara ya kwanza. Kilomita ulizokwenda gawanya kwa lita zilizoingia. Kwenda 620 na kuingia lita 62 ni 10 kwa lita.

Tenki moja halisemi kitu. Tofauti ya lita mbili tatu kwenye kujaza inaharibu hesabu nzima, na ndiyo sababu wale wa "nilijaza elfu hamsini nikafika mbali" hawasaidii mtu. Chukua matenki matano, jumlisha kilomita zote na lita zote, ndipo ugawe. Andika pia kama ulikuwa na mzigo, mvua au foleni. Yangu ikiwa na mzigo wa wastani hucheza kati ya 10 na 11 njia ya Iringa, na Dar pekee huteremka hadi 7 na kitu. Ni gari lilelile na dereva yuleyule.

Na pampu? Mwaka mmoja, kwenye kituo fulani njiani nisichokitaja, tenki langu la lita 80 lilimeza lita 86 wakati taa ya akiba ilikuwa hata haijawaka. Pale hata kalamu sikuhitaji. Tanzania, Wakala wa Vipimo ndio wanaokagua pampu na kuzibandika stika. Ukishuku, omba kupimiwa kwenye kipimo chao cha ujazo mbele yako.

Dashibodi inasema 12, mimi napata 10.8. Nani mkweli?

Wewe, kama umepima matenki matano. Kompyuta ya gari haioni mafuta. Inakisia kutokana na muda nozeli zinavyofunguka, na mara nyingi inapendelea gari. Itumie kuangalia mabadiliko: ikishuka ghafla kutoka 12 hadi 10 bila wewe kubadilisha kitu, kuna jambo.

Pikapu ya kampuni inakula kuliko yangu ya aina hiyohiyo. Kwa nini?

Inawezekana ni mwendo. Inawezekana pia ni kidumu na mpira. Sisemi dereva wako ananyonya mafuta, lakini ulaji uliozorota taratibu kwa miezi ni dalili ya gari, na ulaji unaoruka wiki moja na kutulia wiki inayofuata ni dalili ya mtu. Linganisha risiti na ujazo wa tenki. Lita 90 kwenye tenki la 80 zinajieleza.

Nanunua iliyotumika kutoka Uingereza au Japani. Nitajuaje ulaji wake?

Kwenye hati ya usajili ya Uingereza huandikwa gramu za CO2 kwa kilomita. Kila lita ya dizeli hutoa kama kilo 2.64 za CO2, kwa hiyo gawanya gramu hizo kwa 26.4. Gramu 200 ni lita 7.6 kwa kilomita 100. Halafu kumbuka kuzidisha kwa 1.2 au 1.4 kulingana na umri wa gari: kama ni NEDC, unarudi kwenye 10.6, ambayo ni kilomita 9.4 kwa lita.

Jambo jingine kwa magari hayo ni DPF, kile kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kikijaa, injini humwaga mafuta ya ziada ili kuyachoma masizi. Gari la safari fupi za mjini halipati joto la kutosha, linaanza kazi hiyo, linazimwa katikati, kesho linaanza upya. Ulaji hupanda na mwenye gari haelewi. Dizeli ya Afrika Mashariki iliwekewa kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni Januari 2015, wakati magari hayo yalitengenezwa kwa salfa 10. Lipe gari safari ndefu ya barabara kuu mara kwa mara kabla hujamsikiliza anayetaka kukikata.

Vipi sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge na dawa za tenki?

Weka pesa yako mfukoni. EPA, shirika la mazingira la Marekani, imechunguza zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo na haijapata hata kimoja kilichopunguza ulaji kwa kiasi cha maana. Chujio safi la hewa na upepo sahihi wa matairi ni rahisi zaidi.

Kutoka 7 hadi 8 kwa lita: ni kitu kweli?

Ni kikubwa kuliko kinavyoonekana, na hapa kilomita kwa lita hutupotosha sote. Kwa kilomita 1,000, kutoka 7 hadi 8 unaokoa karibu lita 18. Kutoka 12 hadi 13 unaokoa lita 6 na kidogo tu. Mwenye pikapu ya zamani inayokunywa sana ana mengi ya kuokoa kuliko jirani yake anayebadilisha gari zuri kwa zuri zaidi. Piga hesabu yako kwa bei mpya: mdhibiti wa Tanzania, EWURA, hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwenzake wa Kenya, EPRA, tarehe 14.

Automatiki au gia za mkono?

Kwa pikapu za kisasa tofauti ni ndogo kuliko ile ya mguu wa dereva. Za zamani zenye gia nne za automatiki, hizo ndiyo, zinakula.

Gari lisipofika namba ya brosha, naweza kudai fidia?

Imewahi kutokea, lakini pale namba yenyewe ilipokuwa mbovu. Novemba 2012 Hyundai na Kia walikiri Marekani kwamba namba za magari yao karibu 900,000 zilitiwa chumvi, wakawalipa wenye magari tofauti ya mafuta. Japani, Mitsubishi walikiri mwaka 2016 kuchezea vipimo vya magari yao madogo sana, na wateja wakapewa yeni 100,000 kila mmoja. Kupata 9 badala ya 11 kwa sababu ya Kitonga, saruji na AC hakuingii humo, na hakimu mwenye pikapu atakucheka. Kama bado unataka kugombana na mtu, nenda na risiti zako za matenki matano kwa aliyekuuzia gari akiapa kwamba "hii inanusa tu mafuta".